Gari la wakfu linapokwama: tuchunguze kabla ya kutuhumu



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa walimwengu wote, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na maswahaba zake. Wiki hii nimeazimia kuandika juu ya jambo ambalo huenda wengi wakashangaa kuliona katika ukurasa wa familia, nalo ni injini ya gari kuukuu. Naliandika kwa sababu kwa ajili ya injini hiyo kamati yetu ya msikiti ilimdhulumu mtu mzima, mchaji Mungu, na kalamu iliyoandika dhuluma hiyo ilikuwa mkononi mwangu mimi katibu.

Msikiti wetu, hapa Tanga, una gari dogo la mizigo, Toyota Hilux ya petroli ya miaka ya 1980, yenye injini ya silinda nne, kabureta, na choki ya kuvuta kwa mkono. Gari hilo ni wakfu. Familia moja ililitoa kwa niaba ya mama yao aliyetangulia mbele ya haki, kwa sharti kwamba libebe jeneza bila malipo, kwa tajiri na kwa maskini. Mbali na maziko, hubeba maji na vyakula vya futari, na viti vya shughuli za madrasa. Petroli na matengenezo hulipwa na michango ya waumini, na sehemu kubwa ya michango hiyo hutoka kwa akina mama, ambao hupika maandazi na visheti wakaviuza, kisha wakaleta walichokipata.

Yapata mwaka mmoja uliopita gari lilianza kukohoa. Likiwa limesimama huku injini inawaka, lilitetemeka kama mtu mwenye homa; sauti yake ilipanda, ikashuka, kisha ikakata. Watu wa gereji husema injini "inamisi", na mwendo ule wa injini kuwaka bila kukanyaga mafuta huuita "sailensi". Gari letu lilikuwa linamisi likiwa sailensi. Siku moja tukielekea kwenye maziko upande wa Pangani, lilizima mara tatu njiani, kila lilipopunguza mwendo. Wafiwa walishuka, wakasubiri juani, na maiti akiwa ndani. Atakayekumbuka kwamba Mtume (s.a.w.) ametufundisha kuharakisha kumzika maiti ataelewa fedheha tuliyoipata siku ile.

Kwenye kikao kilichofuata mhazini alileta daftari la petroli. Gari lililokuwa likienda takriban kilomita nane kwa lita moja, sasa halikufika hata sita. Papo hapo mjumbe mmoja akauliza, kwa sauti ya chini, kama dereva hauzi petroli. Hakuna aliyejibu, na hakuna aliyekanusha. Dereva wetu ni mzee wa miaka sitini na ushei, anayejitolea kwa posho ndogo. Alipoitwa alisema maneno machache tu: "Wanangu, gari hili halisimami bila choki. Nikiirudisha, linazima." Tulimsikia, lakini hatukumsikiliza. Niliagizwa kumwandikia barua ya onyo, nikaiandika, ikasomwa mbele ya wajumbe wote. Mzee aliipokea kwa mikono miwili, akaikunja, akaondoka. Kesho yake alfajiri alikuwa katika safu ya kwanza, kama kawaida yake.

Wakati huohuo tulikuwa tukinunua vipuri. Tulibadilisha plagi zote nne, kisha nyaya za plagi. Gari halikupona. Fundi alizikuta plagi zimejaa masizi meusi, akasema kabureta inamwaga mafuta mengi. Kwa hiyo tukanunua seti ya matengenezo ya kabureta. Gari halikupona. Tukabadilisha pampu ya mafuta, na fundi akaipandisha sailensi kwa bisibisi ili injini isizime. Jumla ya gharama ilifika shilingi 285,000, fedha za maandazi na visheti, na gari bado lilikuwa likitetemeka. Simlaumu fundi huyo, kwa kuwa sisi ndio tuliomwambia "badilisha hiki" na "badilisha kile", badala ya kumwomba atafute ugonjwa.

Ndipo muumini mmoja alipotuelekeza kwa fundi mzee, ambaye gereji yake ni mti wa mwembe na sanduku moja la spana. Nililipeleka gari mwenyewe, na dereva akiwa pembeni yangu, kimya. Fundi hakufungua boneti. Alianza kwa kuuliza, wala hakuniuliza mimi. Alimgeukia dereva: "Shekhe, linamisi likiwa baridi au likiwa moto? Likisimama au likipanda kilima? Ukikanyaga mafuta linaongeza au linapunguza? Na ukivuta choki?" Mzee akajibu yote: linamisi zaidi likisimama, likikimbia barabarani halina tatizo, likivutwa choki kidogo linatulia. Fundi akatikisa kichwa, akasema, "Basi gari lako linavuta hewa mahali pasipostahili."

Ndugu msomaji, hapa naomba subira yako, kwa maana aliyonieleza chini ya mwembe ni elimu itakayomfaa kila mwenye gari kuukuu la kabureta.

Injini ya petroli huvuta pumzi. Pistoni inaposhuka hunyonya hewa. Hewa hiyo hupita katika kabureta, hubeba petroli, kisha hupita katika manifoldi, yaani mabomba yanayoigawa kwa kila silinda. Ili petroli iungue vizuri, kila kilo moja ya petroli huhitaji takriban kilo 14.7 za hewa. Kwa ujazo, lita moja ya petroli huhitaji kiasi cha lita 9,000 za hewa. Kazi ya kabureta ni kuchunga mizani hiyo. Lakini kabureta huipimia petroli ile hewa iliyopita ndani yake tu. Hewa iliyoingilia dirishani haijui.

Gari likiwa sailensi, kilango cha hewa kilicho ndani ya kabureta huwa karibu kimefungwa, nazo pistoni zinaendelea kunyonya. Matokeo yake ni mvuto mkubwa ndani ya manifoldi, ambao mafundi huuita vakyumu. Pakiwa na ufa wowote baada ya kabureta, kama vile mpira uliopasuka, gasketi iliyochoka au klipu iliyolegea, hewa ya nje huingia kwa nguvu bila kupimiwa petroli. Mchanganyiko huwa na hewa nyingi na mafuta machache; silinda mara huwaka, mara haiwaki, na injini humisi. Unapokanyaga mafuta, kilango hufunguka, hewa nyingi hupita katika njia yake halali, mvuto hupungua, na ile hewa ya wizi huwa sehemu ndogo tu ya jumla. Ndiyo maana gari hutetemeka likiwa limesimama na hutulia likikimbia.

Hii ndiyo alama ya kwanza ya kutofautisha. Ikiwa tatizo ni uhaba wa petroli, kwa mfano filta iliyoziba au pampu dhaifu, gari kwa kawaida hulalamika linapopanda kilima au linapobeba mzigo, kwa kuwa hapo ndipo linapohitaji mafuta mengi. Plagi au waya dhaifu nao mara nyingi hujionyesha injini inapobebeshwa kazi nzito, au asubuhi yenye unyevunyevu. Na vali iliyoungua hulifanya silinda moja likose nguvu, na kupima mgandamizo wa kila silinda huifichua. Swali la "linamisi wakati gani?" halina gharama, nalo lingetuokolea shilingi 285,000.

Alama ya pili ni choki. Choki hupunguza hewa na kuongeza petroli. Injini iliyokwisha kupata moto haipaswi kuihitaji. Ikitulia kwa kuvutwa choki, inasema kwamba mchanganyiko wake umepungukiwa na mafuta au umezidiwa na hewa.

Kisha ukafuata uchunguzi wenyewe, hatua kwa hatua, kuanzia lisilo na gharama. Kwanza fundi aliikagua mipira yote kwa macho na kwa vidole, injini ikiwa imezimwa na imepoa. Mpira ulio karibu na injini huokwa na joto miaka nenda miaka rudi. Hukauka, hugeuka mgumu kama plastiki, kisha hupasuka, aghalabu mahali unapopinda. Aliuangalia mpira wa busta ya breki, ule mwembamba unaokwenda kwenye distributa, na ule unaorudisha mvuke wa injini kutoka kwenye kifuniko cha vali hadi kwenye manifoldi.

Pili, aliwasha injini, akachukua kipande cha mpira mrefu, ncha moja akaiweka sikioni na nyingine akaipitisha polepole kwenye maungio. Panapovuja hewa husikika mlio wa kunyonya, kama mtu anayevuta hewa katikati ya meno.

Tatu, alinyunyiza maji ya sabuni kidogo kidogo kwenye maungio ya manifoldi na chini ya kabureta, akiyaepusha na distributa na nyaya za plagi. Maji yakifika kwenye ufa, huuziba kwa muda mfupi, na sauti ya injini hubadilika. Wapo wanaonyunyiza petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Alinionya nisithubutu kufanya hivyo, kwa kuwa bomba la moshi li karibu na lina joto, na magari yameteketea kwa njia hiyo. Akanionya pia juu ya kanzu yangu. Feni na mkanda wake havibagui, na mwenye kanzu, kilemba au mtandio hapaswi kuinama juu ya injini inayozunguka.

Nne, alikuwa na geji ya vakyumu. Huku kwetu usawa wa bahari, injini nzima ikiwa sailensi huonyesha takriban inchi 17 hadi 21 za zebaki, na mshale hutulia. Walio juu, kama ndugu zetu wa Arusha, mji ulio kiasi cha mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, wataona pungufu ya inchi nne au tano, wala huo si ugonjwa. Gari letu lilionyesha inchi 13, mshale ukichezacheza. Nikadhani tumepata jibu, lakini fundi alikataa. Kipimo cha chini, alisema, kinaweza pia kusababishwa na cheche inayochelewa. "Shahidi mmoja hatoshi, Ustadh. Nyinyi ndio mnaotufundisha hayo." Niliinamisha kichwa.

Hatua ya tano ilikuwa kuibana mipira, mmoja baada ya mwingine, kwa koleo lililofungwa kitambaa. Aliubana wa busta ya breki, hapakuwa na badiliko. Aliubana wa distributa, hapakuwa na badiliko. Alipoubana ule unaotoka kwenye kifuniko cha vali, karibu kabisa na manifoldi, injini ilitulia ghafla, na mshale wa geji ukapanda ukasimama. Aliizima injini, akauchomoa mpira, akaupinda mbele ya macho yangu. Kwa upande wa juu ulikuwa mzima. Kwa upande wa chini, mahali ulipopinda, ulikuwa na mpasuko wa urefu wa ukucha wa kidole gumba.

Mpira mpya pamoja na klipu mbili uligharimu shilingi 9,000. Fundi alisisitiza uwe wa aina inayostahimili oili na petroli, kwa kuwa mpira wa maji hulainika na kuharibika mapema. Kisha aliirudisha sailensi mahali pake, kwa sababu ilikuwa imepandishwa ili kuuficha ugonjwa. Gari likawaka na kutulia, na choki ikarudishwa ndani mpaka mwisho.

Sasa tazama, ndugu msomaji, jinsi kila kitu kilivyopata maelezo yake. Petroli ilikuwa ikipotea wapi? Mzee alilazimika kuacha choki imevutwa kidogo ili gari lisizime kwenye njia panda. Choki hiyo iliponya mtetemo wa kusimama, lakini barabarani, ambako ufa haukuwa na athari kubwa, iliendelea kumwaga petroli isiyohitajika. Ndiyo iliyopandisha hesabu ya mhazini, na ndiyo iliyozijaza plagi masizi hata tukadhani kabureta ni mbovu. Mwezi uliofuata daftari lilirudi karibu na kilomita nane kwa lita. Hapakuwa na mwizi wa petroli. Kulikuwa na mzee aliyetuambia sababu kwa sentensi moja, nasi tukamjibu kwa barua.

Mwenyezi Mungu ametukataza dhana katika Sura ya Al-Hujurat, aya ya 12, na kabla yake, katika aya ya 6, ametuamrisha tuhakikishe habari inayoletwa na mtu asiyeaminika, tusije tukawadhuru watu kwa kutojua kisha tukabaki na majuto. Nimezisomesha aya hizi darasani mara nyingi. Sikuzikumbuka nilipokuwa nikiandika barua ile. Habari yenyewe haikuletwa na fasiki. Ilikuwa tarakimu sahihi za daftari, zilizosomwa na watu waaminifu. Hapo ndipo hatari ilipo. Tarakimu ilikuwa ya kweli na maana tuliyoipa ilikuwa ya uongo. Daftari lilisema petroli imezidi, halikusema imeibwa. Neno la wizi tuliliongeza sisi.

Tulipokubaliana kwamba tumekosa, baadhi ya wajumbe walipendekeza mwenyekiti amwite mzee pembeni amwombe radhi. Nilipinga, na namshukuru Allah kwa hilo. Barua ilisomwa mbele ya watu. Kufutwa kwake kulistahili kusomwa mbele ya watu haohao. Niliandika barua ya pili, nikaisoma mwenyewe nimesimama, na ile ya kwanza ikachanwa. Mzee alisema amesamehe tangu siku aliyoipokea. Kisha akaongeza, "Mwanangu, lililonisumbua ni mke wangu. Aliikuta barua mfukoni mwa kanzu." Maneno hayo sina jibu lake mpaka leo. Mimi na mwenyekiti tulikwenda nyumbani kwake, tukamwomba radhi mama yule kama tulivyomwomba mumewe. Alitukaribisha chai, akatuuliza kama gari limepona.

Kutokana na hayo, kamati yetu imejiwekea utaratibu, nami nauwasilisha kwenu, wenye magari ya misikiti, ya madrasa, na ya familia.

La kwanza, dereva awe na daftari lake, aandike gari lilisumbua lini, likiwa katika hali gani, na alifanya nini. Kauli yake iwe ya kwanza kusikilizwa, kwa kuwa ndiye anayeishi na ugonjwa huo.

La pili, asinunuliwe kipuri chochote kabla ya fundi kueleza alipimaje na aliona nini. Fedha ya wakfu ni amana, na kubahatisha kwa fedha ya amana si matengenezo. Kwa injini kuukuu inayomisi ikisimama, tuanze na mipira, klipu na gasketi, kabla ya kugusa kabureta.

La tatu, mipira yote ya vakyumu ikaguliwe kila gari linapobadilishwa oili. Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Sisi tulijenga ukuta wa shilingi 285,000 mbele ya ufa wa shilingi 9,000.

La nne linahusu uhai, na naliomba kila baba na mama alijaribu leo. Mvuto huohuo wa injini ndio unaoendesha busta ya breki. Mpira wake ukipasuka, gari huweza kumisi, na pedali ya breki huwa ngumu kama jiwe. Gari lenye abiria huchelewa kusimama. Injini ikiwa imezimwa, kanyaga breki mara kadhaa mpaka pedali iwe ngumu, endelea kuikanyaga, kisha washa injini. Pedali ikizama kidogo chini ya mguu wako, busta inafanya kazi. Isipozama, usiondoke na watoto mpaka fundi ameitazama.

La tano, tuhuma yoyote dhidi ya mtumishi wa msikiti isiandikwe kabla ya kuthibitika, na ikidhihirika ni batili, ifutwe hadharani kama ilivyotolewa.

Ijumaa iliyopita tulikuwa na maziko tena, njia ileile ya Pangani. Mzee aliendesha. Tulisimama kupisha msafara, na injini ikaendelea kunguruma taratibu, bila kutetemeka. Nilitazama choki. Ilikuwa ndani.

Mwenyezi Mungu atusamehe tuliyoyatenda kwa dhana, na atujaalie subira ya kuuliza kabla ya kuhukumu. Amin.

Wabillahi tawfiq.